Mwaka Mpya Uliowakuta Njiani



Mwezi huu ndio mwezi wa hesabu. Mwenye duka ahesabu madeni aliyowakopesha watu, mwalimu ahesabu wanafunzi waliofaulu na walioanguka, mama wa nyumba aupima kwa macho mchele uliobaki, na baba, ijapokuwa hasemi neno, azihesabu moyoni mwake gharama za shule za Januari. Huku kwetu pwani, tangu Kunduchi hata Mapinga na Zinga, tangu Bagamoyo hata ng'ambo ya Ruvu na Saadani, kaskazi imekwisha kushika, vuli imekwisha kwenda zake, na embe zaanguka usiku juu ya mabati. Akina mama wa Mlingotini walimao mwani wajua ya kuwa maji yamepata moto, na maji ya moto huuharibu mwani. Si kila mtu aufungaye mwaka kwa ngoma na pilau. Wako wengi waufungao kwa kunyamaza.

Kwa ajili ya watu hao wanyamazao twataka kusema neno mwezi huu. Maana twaona ya kuwa katika miaka hii desturi moja imekua sana miongoni mwa Wakristo: watu huitwa kwenye mkesha wa mwisho wa mwaka, nao huambiwa ya kwamba kila aliye na mzigo na aulete, na saa sita ya usiku ikipiga mzigo huo utabaki katika mwaka wa kale, naye ataingia katika mwaka mpya mikono mitupu, mwenye baraka na gari na nyumba. Hatuubezi mkesha. Kukesha katika sala ni jambo jema, na wazee wetu walikesha. Lakini twawajua watu waliokwenda kukesha na deni lao, wakarudi alfajiri na deni lile lile, na juu yake wakaongezewa mzigo wa pili, yaani kudhani ya kuwa imani yao ni haba, kwa kuwa wenzao, waonavyo wao, wamefunguliwa na wao hawakufunguliwa. Mzigo huo wa pili hakuutia Mungu, uliwekwa na watu.

Basi tuwasimulie habari moja ya nchi yetu hii, ambayo wengi wameisikia nusu tu.

Jina la Bagamoyo wazee hulieleza kwa njia mbili. Wako wasemao ni mahali pa kubwaga moyo kwa furaha: wapagazi kutoka Unyamwezi, wakisha kutembea miezi mitatu na mtumba begani au pembe ya ndovu kichwani, waliiona bahari, wakatua, wakapumzika. Na wako wasemao ni mahali pa kubwaga moyo kwa uchungu: mtumwa aliyefika pwani aliuacha moyo wake huku, maana jahazi ikisha kumpeleka Unguja hakuwa na tumaini la kuiona tena nchi ya mama yake. Sisi hatuoni haja ya kuchagua. Barabara ilikuwa moja, na watu wa namna zote mbili walipita humo, pengine siku moja.

Katika barabara hiyo, mwezi wa Februari mwaka 1874, ulifika msafara wenye mzigo ambao haukuwa pembe wala nguo. Ulikuwa maiti ya David Livingstone, mmisionari na msafiri Mskoti.

Alikufa mwanzoni mwa Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, kusini ya ziwa Bangweulu, katika nchi iitwayo leo Zambia. Watumishi wake walimkuta alfajiri amepiga magoti kando ya kitanda chake, amekwisha kufa. Walikuwa pamoja naye watu wapatao 60 hivi. Wakuu wao walikuwa Susi, mtu wa Shupanga katika mto Zambezi, na Chuma, Myao aliyeokolewa katika mikono ya wauza watumwa mwaka 1861 akiwa mtoto. Alikuwako Jacob Wainwright, naye Myao aliyekombolewa utumwani, aliyesomeshwa katika shule ya misioni ya Nasik katika Uhindi. Walikuwako na wanawake pia, mmoja wao Halima, mpishi, ambaye vitabu vingi humpita upesi upesi, kana kwamba watu 60 walikuwa wakila upepo.

Watu hao, wasomaji wetu, hawakuwa na bwana tena. Mshahara wao ulikuwa Unguja, mbali sana. Hapakuwa na mtu wa kuwalaumu kama wangalimzika hapo hapo na kutawanyika, kila mtu na njia yake. Tena katika nchi nyingi walizopasa kuzipita, kupita na maiti lilikuwa jambo la kuogofya, na wenyeji wangaliweza kuwapiga kwa ajili yake. Walikaa wakashauriana, wakakata neno kumrudisha kwao. Wakauomba ruhusa mji, na Chitambo akawatendea kwa wema. Farijala, aliyewahi kutumika kwa daktari huko Unguja, akaupasua mwili; moyo na matumbo wakavizika chini ya mti, na Jacob akasoma sala za maziko, kisha akachonga maneno katika gome la mti ule. Mwili wakautia chumvi, wakauanika juani siku 14, wakaufunga kwa bafta, wakautia ndani ya gome la mti, wakaushonea kitambaa cha tanga na kuupaka lami. Kisha wakaukata mti mmoja kuwa mpiko, wakaubeba watu wawili wawili.

Tangu hapo mpaka pwani ni maili zaidi ya 1,000. Kwanza walishikwa na maradhi, wakakaa karibu mwezi mzima hawawezi kwenda, na wengine wao walikufa katika safari hiyo. Katika mji mmoja waligombana na wenyeji hata wakapigana, jambo tusilolisifu. Mwezi wa Oktoba wakafika Unyanyembe, karibu na Tabora, na huko wakamkuta Mwingereza, Cameron, aliyetumwa kumtafuta Livingstone na kumsaidia. Chuma alitangulia kumpelekea barua ya habari ya msiba, iliyoandikwa na Jacob. Cameron akawashauri wamzike hapo, maana njia iliyobaki ilikuwa ya hatari. Ulikuwa ushauri wa mtu mwenye akili, nao wakaukataa.

Mbele kidogo, mahali paitwapo Kasekera, wakasikia ya kuwa wenye nchi hawatakubali maiti ipite. Basi wakafanya hila. Wakaufungua mzigo, wakaufunga upya mfano wa mtumba wa nguo, kama ile iliyochukuliwa na kila mpagazi katika barabara hiyo. Kisha wakatengeneza mzigo mwingine wa uongo, mfano wa maiti, wakawapa watu wauchukue kurudi nyuma kana kwamba wanakwenda kuuzika Unyanyembe. Watu hao walipofika porini wakautupa kidogo kidogo, wakarudi usiku kwa wenzao. Na Livingstone akaendelea na safari yake, amekuwa mtumba.

Hayo yalikuwa mwezi wa Novemba. Walifika Bagamoyo mwezi wa Februari. Hesabuni wenyewe, walimu: Krismasi ya 1873 iliwakuta wapi? Na siku ya kwanza ya 1874? Iliwakuta njiani, katikati ya Unyanyembe na bahari, mzigo begani. Jacob aliandika habari za safari katika kitabu chake, naye alijua tarehe; na wale waliolelewa Nasik pamoja naye walikuwa Wakristo, waliijua sikukuu. Mwaka ukageuka, na mzigo haukugeuka. Asubuhi ya Januari mosi ulikuwa na uzito ule ule wa jana, na zamu ya kubeba ikaendelea kama jana.

Twawaomba mlitazame jambo hili vizuri, maana ndilo lililotufanya tuandike. Watu hao hawakushindwa kwa sababu mwaka mpya uliwakuta hawajafika. Walikuwa katikati ya kazi ambayo sasa, baada ya miaka zaidi ya 150, dunia nzima yaisimulia. Kama mtu angaliwasimamisha siku ile na kuwauliza, Mwaka huu mmepata nini? wangalijibu nini? Mwenzetu amekufa, bwana wetu amekufa, mshahara hatujaupata, nasi twachukua maiti iliyofichwa ndani ya nguo. Hesabu ya namna hiyo haina cha kushangiliwa katika mkesha wo wote.

Na katika Maandiko jambo la namna hii si geni. Wana wa Israeli walipotoka Misri walichukua mifupa ya Yusufu, kwa kuwa yeye aliwaapisha baba zao. Waliichukua jangwani miaka 40, mpaka ikazikwa Shekemu. Watoto wetu wa darasa la dini waijua mana na kware, waijua nguzo ya moto; lakini nani amewafundisha juu ya watu waliokuwa na zamu ya kuchukua lile sanduku? Wengi wao walikufa jangwani kabla ya kuiona Shekemu. Walizaliwa wengine, wakaushika mpiko. Miaka mipya 40 iliwapita wakiwa nalo, na Mungu hakuwaambia hata mara moja ya kuwa sanduku lile lilionyesha uhaba wa imani yao.

Tusije tukaeleweka vibaya. Iko mizigo ambayo yapasa kutupwa, wala si ya kungoja mwaka mpya: chuki kwa ndugu, ulevi, mke wa pembeni, fedha ya shirika iliyokopwa bila wenyewe kujua. Mzigo wa namna hiyo mtu asiuite msalaba wake. Kuna wengine hujisifu kwa kuvumilia mambo ambayo ni wao wenyewe waliyoyaleta na wangaliweza kuyaacha leo kabla ya chakula cha jioni. Twasema juu ya mizigo mingine: mzee mgonjwa wa kiharusi aliyelala ndani, mtoto asiyesikia, madeni ya matanga ya mwaka jana, shule ya kijijini yenye walimu wachache na watoto wengi. Hiyo haitupwi saa sita ya usiku. Hupokezanwa begani.

Na Bagamoyo yenyewe yajua habari za mwaka mbaya. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walianza misioni hapo mwaka 1868, Padre Horner akiwa mkuu wao, wakajenga kijiji cha watumwa waliokombolewa, na watoto wengi kati yao. Mwaka wa pili, 1869, kukaja kipindupindu. Mwaka 1872, tarehe 15 Aprili, ikapiga tufani ambayo mfano wake haukupata kuonekana pwani: huko Unguja iling'oa sehemu kubwa ya mikarafuu na kuvunja merikebu za Seyyid Barghash bandarini, na huku Bagamoyo iliyaangusha majengo ya misioni. Kazi ya miaka minne ikalala chini. Walianza tena. Nyumba kubwa ya mapadre ilianzwa mwaka uliofuata, ikamalizika 1876. Kwa hiyo Susi na Chuma walipofika na mzigo wao Februari 1874, misioni iliyowapokea ilikuwa yenyewe bado yajengwa upya.

Na twapenda kulitaja jambo hili pia: Livingstone alikuwa Mprotestanti, na waliompokea ni mapadre Wakatoliki. Katika siku zile vyama hivyo viwili havikupendana sana, nao waliandikiana maneno makali katika Ulaya. Lakini maiti ililazwa katika kanisa lao, na mnara wa kanisa lile la kwanza waitwa hata leo Mnara wa Livingstone.

Mwaka mwingine ulioingia vibaya ni 1889. Tangu miezi ya mwisho ya 1888 watu wa pwani, chini ya Bushiri wa Pangani na wenzake, walikuwa wameinuka kuipinga Kampuni ya Kijerumani iliyotaka kuitwaa nchi yao. Mji wa Bagamoyo ukawa uwanja wa vita, na maelfu ya watu wakakimbilia uani kwa misioni, Waislamu na Wakristo na wasio na dini ya kitabu, wakalala chini ya minazi. Tarehe 13 Januari misioni ya Wabenediktini ya Pugu ikashambuliwa, na baadhi ya watawa wakauawa. Mwisho wa mwaka huo, tarehe 15 Desemba, Bushiri mwenyewe akanyongwa Pangani. Hakuna aliyeuaga mwaka huo kwa furaha safi, wala mshindi wala mshindwa. Hata Emin Pasha, aliyefika Bagamoyo salama pamoja na Stanley tarehe 4 Desemba baada ya kutembea toka mto Nile, usiku ule ule katika karamu ya kumpokea alianguka kutoka dirisha la juu, akapasuka kichwa. Hakufa, lakini kufika nako kuna hatari zake.

Turudi kwa wachukuzi wetu. Mtauliza, walipata nini? Hapa habari si nzuri. Walipofika, maiti ilichukuliwa kwa manowari ya Kiingereza mpaka Unguja, nao wakalipwa mshahara wao na kuachwa. Aliyepelekwa Uingereza pamoja na jeneza alikuwa Jacob Wainwright peke yake, tena kwa gharama ya chama cha misioni, wala si ya serikali. Huko London madaktari wakautazama mfupa wa mkono wa kushoto, uliovunjwa zamani na simba, wakahakikisha ya kuwa ni yeye. Akazikwa katika kanisa la Westminster tarehe 18 Aprili 1874, na Jacob alikuwa miongoni mwa walioshika jeneza. Susi na Chuma waliitwa baadaye na rafiki mmoja wa marehemu, wakafika maziko yamekwisha. Wakasaidia kueleza yaliyoandikwa katika daftari zake, kisha wakarudi kwao.

Chuma aliongoza misafara ya misioni ya Kianglikana, akafa Unguja mwaka 1882. Susi, aliyembeba mtu wa Mungu maili zile zote, hakuwa amebatizwa alipokuwa akimbeba; alibatizwa mwaka 1886, akaitwa Daudi, akafa 1891. Jacob alikufa Urambo mwaka 1892. Matthew Wellington, mmoja wa vijana wa Nasik waliokuwamo katika safari ile, aliishi Mombasa mpaka mwaka 1935, mzee sana, na watu wakienda kumsikiliza. Za Halima hazikuandikwa.

Twaona neno la Susi lafaa kuwatuliza walimu wa dini wanaohuzunika mwisho wa mwaka kwa kuwa kitabu cha ubatizo kina majina machache. Kama mtu angaliandika hesabu ya Wakristo mwezi wa Februari 1874, Susi hangalikuwamo. Miaka 12 ilipita tangu alipoutua mzigo Bagamoyo mpaka siku alipopokea maji. Je, miaka hiyo 12 ilikuwa ya bure? Mwalimu aliyemkuta katikati ya miaka hiyo angaliweza kumwandika katika safu ya wasiosikia.

Sasa twatoa shauri dogo kwa nyumba za Kikristo. Usiku wa mwisho wa mwaka, mkisha kusali, kabla watoto hawajasinzia, kila mtu na ataje jina la mtu mmoja aliyeushika upande wa pili wa mpiko katika mwaka huu. Si lazima awe mtu mkubwa. Huenda ni jirani Mwislamu aliyeleta ndoo ya maji siku ya msiba. Huenda ni dada wa kazi. Huenda ni mtoto wa kidato cha pili aliyekwenda na bibi yake hospitali mara nne na kukaa foleni. Kisha waandikeni majina hayo nyuma ya kalenda. Mwaka wa 1874 waandishi wa magazeti waliyajaza magazeti kwa jina moja, na majina ya wabebaji wengi yakapotea. Tusiwe na haraka ya kuwalaumu, kama nasi hatuyajui ya nyumbani kwetu.

Na walimu walio karibu, toka Bunju, Kerege au Mbegani, wasiache kuwapeleka wanafunzi Bagamoyo shule zikifunguliwa Januari. Tangu mwaka 2025 mji huo una jimbo lake, lililoundwa na Papa Fransisko, na waumini wake wangali katika miaka ya kwanza ya kujipanga. Katika uwanja wa misioni watauona mnara, na njia yenye miembe ya zamani, na kanisa kubwa lililomalizwa 1914, na makumbusho katika nyumba ya masista ya 1876. Watauona na mbuyu ambao, kama wasimuliavyo, Madame Chevalier alifungia punda wake kwa mnyororo katika miaka ile ya mwanzo; mti umekua ukaumeza mnyororo, na kipande kidogo tu chaonekana nje. Watoto hupenda kukivuta. Waacheni wakivute, hakitatoka. Kisha waingizeni makaburini, wasome umri wa mapadre na mabruda waliolala pale, ambao wengi walikufa vijana.

Waende asubuhi na mapema, maana jua la kaskazi ni kali, na kila mtoto na achukue maji yake ya kunywa.